Swichi Zikikataa Kuungana: Mwongozo Kamili wa Kutatua Matatizo ya Staki kwa Mafundi wa Lamu

Swichi mbili za mtandao za Cisco zenye rangi moja, zilizonunuliwa siku moja katika duka moja la Mombasa, si lazima zikubali kukaa kwenye staki moja. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalomwambia fundi anayenipigia simu kutoka Shela au Mokowe kulalamika kwamba staki imegoma. Kufikia hapo huwa ameshabadilisha kebo, ameshafuta mipangilio na ameshazima na kuwasha kila kitu. Mara nyingi tatizo ni kwamba swichi zenyewe hazikuundwa kuungana, na hakuna amri ya kuandika kwenye konsoli (poti ya kuiamuru swichi moja kwa moja kwa kompyuta) itakayobadilisha hilo.

Kwetu kosa la namna hii linagharimu sana. Kifaa hutoka Mombasa kwa basi hadi Mokowe, huvuka kwa boti, kisha hupitishwa kwenye vichochoro vya Mkomani au Langoni kwa punda au begani mwa mtu. Kikirudishwa dukani, ni safari hiyo hiyo kinyumenyume, na huku wageni wa hoteli wanauliza intaneti itarudi lini. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na upatanifu wa vifaa, na amri zitafuata. Mifano mingi ni ya Cisco Catalyst, kwa sababu ndizo ninazozikuta zaidi kwenye raki za hapa, nyingi zikiwa zimeshatumika kwingine kabla ya kufika pwani.

Kwa aliye mgeni wa jambo hili: staki ni swichi kadhaa zinazofanya kazi kama swichi moja. Zina anwani moja ya IP ya usimamizi na faili moja ya mipangilio. Moja ni kiongozi, nyingine ni msaidizi anayesubiri, zilizobaki ni wanachama. Faida yake kubwa ni kwamba unaweza kufunga laini mbili za kwenda kwenye ruta, moja kwenye swichi ya kwanza na nyingine kwenye swichi ya pili, ukaziunganisha kuwa laini moja kwa itifaki iitwayo LACP. Swichi moja ikifa, nyingine inaendelea.

Soma namba ya modeli hadi herufi ya mwisho

Kijana mmoja alinipigia akiwa juu ya ngazi, tochi mdomoni.

"Kaka, zote mbili zimeandikwa 2960-X. Hii moja mbona haina pa kuchomeka moduli nyuma?"

"Nisomee kibandiko, mdogo wangu. Chote."

"WS-C2960X-24TS-LL."

Hizo L mbili za mwisho ndizo jibu. Modeli yenye LL ni ya ngazi ya LAN Lite, na modeli za ngazi hiyo hazina staki, kwa hiyo hazina pa kuchomeka moduli, yaani kipande chenye poti za staki. Dada yake anayeishia na L moja, WS-C2960X-24TS-L, anayo. Ukiziweka kando kando mezani, kwa mbele huwezi kuzitofautisha kwa haraka.

Kwa hiyo geuza swichi, safisha vumbi kwenye kibandiko, upige picha namba yote. Kama swichi inawaka, andika `show inventory` au `show version`. Muuzaji akikwambia kwa simu "ni 2960", mwombe picha ya kibandiko kabla hujatuma pesa.

Ukishapata namba, linganisha na familia hizi.

Catalyst 2960-X hutumia teknolojia ya staki iitwayo FlexStack-Plus na huunga hadi swichi 8. 2960-S, ambayo ni ya zamani zaidi, hutumia FlexStack na huishia 4. Hizi mbili zinaweza kuchanganywa, lakini kwa masharti: jumla isizidi 4, na upande wa 2960-X uteremshe kasi ya poti za staki kwa amri `switch stack port-speed 10`, kisha swichi iwashwe upya. Fundi asiyejua sharti hili huona kebo zimekaa vizuri na swichi hazionani. 2960-XR inafanana na 2960-X hadi kwenye moduli ya nyuma, lakini haziungani. 2960-Plus na 2960-L hazina tundu la moduli ya staki kabisa, kwa hiyo usiulize.

Upande wa 3750, ile ya kwanza hutumia StackWise ya Gbps 32 (gigabiti kwa sekunde), na 3750-E na 3750-X hutumia StackWise Plus ya Gbps 64. Zinakubali kukaa pamoja hadi swichi 9, ila ukichanganya, pete nzima, yaani mzunguko wa kebo za staki, hushuka hadi Gbps 32.

3850 ni StackWise-480. 3650 ni StackWise-160, na moduli yake hununuliwa kando. Haziungani. 9200 ni StackWise-160, na 9200L ni StackWise-80. Haziungani, japo tofauti ya jina ni herufi moja tu. 9300 ni StackWise-480, na 9300L ni StackWise-320. Hizo nazo haziungani. 9300X ina kasi ya Tbps 1 na inaweza kuchanganywa na 9300 ya kawaida, pete ikishuka hadi 480.

Mtego unaowanasa wengi ni huu: kebo ya STACK-T1 inaingia kwenye 3850 na inaingia kwenye 9300. Inakaa sawasawa na skrubu zinashika, lakini swichi hizo mbili hazifanyi staki. Kebo kuingia tunduni si ushahidi wa upatanifu.

Nje ya Cisco, kanuni ni ile ile. Aruba 2930F huungana kwa VSF, teknolojia ya staki ya Aruba, kupitia poti zake za mbele, ilhali 2930M huungana kwa moduli ya nyuma yenye namba JL325A. Haziungani zenyewe kwa zenyewe, ingawa zote zinaitwa 2930. Kwenye Aruba CX, 6200 huunga hadi 8 na 6300 hadi 10, kila familia peke yake. Juniper EX2300 huishia 4 na EX3400 hufika 10, nazo pia usizichanganye.

MikroTik ni habari nyingine. Swichi zake za CRS hazina staki ya namna hii. RouterOS 7, programu yake, imeleta MLAG, inayoruhusu laini za LACP zigawanywe kwenye swichi mbili, lakini kila swichi inabaki na mipangilio yake. Na zile UniFi zilizojaa hotelini, nyingi kinachozionyesha kama kitu kimoja ni programu ya usimamizi tu. Mwenye hoteli akikwambia "staki ya UniFi imeharibika", muulize kwanza anamaanisha nini, kwa sababu huenda ni kompyuta yenye programu hiyo imezimwa.

Moduli, kebo na urefu

Hakikisha kila swichi inayohitaji moduli inayo, na ni ya familia yake. 2960-X hutaka C2960X-STACK. 9200L hutaka kifurushi cha C9200L-STACK-KIT, na 9200 hutaka C9200-STACK-KIT. Swichi za mitumba mara nyingi huja zimevuliwa moduli, na pale nyuma pana kifuniko cha bati tu. Picha ya mbele ya swichi haitakuonyesha hilo, kwa hiyo omba na ya nyuma.

Kebo za StackWise huja kwa urefu wa sentimita 50, mita 1 na mita 3. Zaidi ya hapo hakuna. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nyumba za Lamu zina kuta nene za mawe ya matumbawe, na hoteli nyingi ni nyumba mbili au tatu zilizounganishwa kwa daraja juu ya kichochoro. Mwenye nyumba hutamani swichi ya nyumba ya mbele na ya nyumba ya nyuma ziwe staki moja. Kwa kebo ya nyuma haiwezekani. Pitisha fiba kati ya nyumba, kila upande uwe na swichi au staki yake, uishie hapo. Fiba ina faida nyingine: haipitishi umeme, kwa hiyo radi ikipiga upande mmoja wakati wa masika, haisafiri kwenye kebo hadi upande wa pili.

Funga pete, usifunge mnyororo. Kwa swichi tatu: poti 1 ya swichi ya kwanza iende poti 2 ya swichi ya pili, poti 1 ya pili iende poti 2 ya tatu, kisha poti 1 ya tatu irudi poti 2 ya kwanza. Hiyo ya kurudi ndiyo huachwa ili kuokoa pesa ya kebo. Usikubali. Kwenye pete, kebo moja ikifa staki inaendelea kwa nusu ya kasi. Kwenye mnyororo, kebo moja ikifa staki inakatika vipande viwili.

Kwenye 3850 na 9300 kuna pia kebo za StackPower, ambazo hugawana umeme na si data. Zina namba kama CAB-SPWR-30CM, na kwenye pete moja hazizidi swichi 4. Nimekuta raki ambayo StackPower imefungwa vizuri kabisa na StackWise haipo. Swichi zilikuwa zinagawana umeme, na kila moja inajiona iko peke yake.

Chumvi na unyevu

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu miongozo iliyoandikwa mbali na bahari hailigusi jambo hili, na kwetu ni chanzo kikubwa cha staki inayokatika na kurudi bila sababu ya kueleweka.

Feni ya swichi huvuta hewa mchana na usiku. Hewa hiyo ina chumvi. Chumvi hutua kwenye vidole vya shaba vya kiunganishi cha staki, hunyonya unyevu, na kidogo kidogo huota ukungu wa kijani. Mguso unakuwa hafifu. Staki inawaka asubuhi, inafanya kazi, kisha jioni unyevu ukipanda swichi moja inatoka na kurudi. Fundi anashuku programu, anasasisha, na wiki inayofuata ni yale yale.

Ushahidi unausoma hivi. Andika `show switch stack-ports summary`. Utaona jedwali lenye kila poti ya staki, jirani yake, urefu wa kebo, na safu ya `Link OK`. Macho yako yaende kwenye safu inayoitwa `# Changes To LinkOK`. Hiyo inahesabu mara ngapi poti imepata mguso. Kwenye staki yenye afya namba hiyo ni ndogo na haisogei. Iandike, rudi kesho yake saa zile zile, uisome tena. Ikiwa imepanda bila mtu kugusa raki, mguso wa kebo ni mbovu. Safu ya urefu wa kebo pia inasema kitu: ikikosa kuonyesha urefu halisi wa kebo uliyofunga, swichi imeshindwa kuisoma vizuri.

Kusafisha: zima swichi na uchomoe waya wa umeme. Fungua skrubu za kebo ya staki, uivute moja kwa moja bila kuipinda. Tumia spiriti ya isopropili ya asilimia 99 na brashi laini, safisha kiunganishi cha kebo, kisha tundu. Acha kikauke kabisa kabla ya kurudisha. Usitumie spiriti ya kawaida ya kusafishia vidonda, kwa sababu ina maji mengi. Usikwangue kwa kisu au msasa, maana utaondoa dhahabu iliyopakwa juu ya shaba na kutu itarudi kwa kasi zaidi. Ukirudisha kebo, isukume hadi mwisho kisha kaza skrubu zote mbili kwa vidole, sawia. Skrubu moja ikikazwa peke yake, kiunganishi hukaa upande.

Kiyoyozi nacho kina mambo yake. Hoteli nyingi huwasha kiyoyozi cha chumba cha mitambo mchana, kisha mtu hufungua mlango, au umeme hukatika na jenereta haikibebi. Hewa ya joto yenye unyevu inaingia na kukuta vyuma baridi, matone yanatokea juu ya bodi. Ni heri chumba chenye joto lisilobadilika na feni nzuri kuliko chumba kinachoganda na kuyeyuka kila siku. Swichi za Catalyst za maofisini huvumilia joto hadi nyuzi 45 katika hali ya kawaida. Matone ya maji hazivumilii.

Kuongeza swichi: zima kwanza

Usichomeke kebo ya staki kwenye swichi mpya iliyowashwa. Swichi iliyowashwa peke yake tayari inajiona kiongozi. Ukiiunga na staki iliyo hai, viongozi wawili wanakutana, uchaguzi unafanyika, na upande ulioshindwa unajizima na kuwaka upya. Ikiwa swichi mpya ilikuwa na kipaumbele kikubwa, upande ulioshindwa ni staki yako nzima, pamoja na simu, kamera na Wi-Fi ya kila mtu.

Kipaumbele ni namba kuanzia 1 hadi 15, na ya kiwandani ni 1. Kikubwa ndicho hushinda. Zikilingana, kwa kawaida anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kiwandani) iliyo ndogo hushinda, ambayo mara nyingi ni swichi iliyo kongwe kuliko zote, yaani ile usiyoitaka iongoze.

Na hapa mitumba ina hatari yake. Namba ya uanachama na kipaumbele havihifadhiwi ndani ya faili la mipangilio. `write erase` haivifuti. Swichi iliyokuwa kiongozi kwenye benki fulani huko bara itafika Lamu ikiwa bado na kipaumbele 15. Kwa hiyo utaratibu ni huu:

1. Iwashe swichi mpya peke yake mezani, konsoli kwa kasi ya 9600.
2. Andika `show switch` usome namba na kipaumbele chake. Kirudishe chini kwa `switch 1 priority 1`, ukiweka namba yake halisi mahali pa 1.
3. Futa mipangilio ya zamani kwa `write erase`, na VLAN za zamani (mitandao iliyotengwa ndani ya swichi) kwa `delete flash:vlan.dat`. Watu huisahau hii ya pili.
4. Linganisha toleo la programu na leseni na staki iliyopo. Nitaeleza hapa chini.
5. Zima. Chomoa umeme.
6. Kwenye staki iliyo hai, hifadhi nakala ya mipangilio nje ya swichi, kwenye USB au kompyuta.
7. Chomoa kebo moja tu ya pete, ingiza swichi mpya katikati, ufunge pete.
8. Sasa iwashe. Itasoma, itakuta kiongozi yupo, itajiunga kama mwanachama.

Kwa staki mpya kabisa, washa kwanza ile unayotaka iwe kiongozi, subiri imalize kuwaka, ndipo uwashe nyingine. Weka kipaumbele 15 kwa kiongozi na 14 kwa msaidizi. Fahamu kwamba kubadilisha kipaumbele hakumpindui kiongozi aliyepo. Kutafanya kazi kwenye uchaguzi ujao, yaani staki ikiwashwa upya.

Kusoma `show switch`

Hii ndiyo amri utakayoiandika kuliko zote. Nimeondoa safu mbili ili isomeke vizuri kwenye simu:

```
Switch#   Role      Priority   State
*1        Active    15         Ready
 2        Standby   14         Ready
 3        Member    1          V-Mismatch
```

`Ready` ni salama. `Initializing` au `Progressing` maana yake subiri, usiguse waya. `Provisioned` au `Removed` maana yake mipangilio inaikumbuka swichi hiyo lakini yenyewe haionekani: ama imezimwa, ama kebo zake zote mbili zimekufa, ama haina moduli.

`V-Mismatch` ni tofauti ya matoleo ya programu. Swichi imeonekana, kebo ni nzima, lakini inazungumza toleo jingine, kwa hiyo imejiunga nusu na poti zake hazipitishi data. Ukiona neno hili shukuru, maana tatizo lako ni programu na halihitaji boti.

Kwenye 9300 na 9200, angalia `show version` sehemu ya chini, penye `INSTALL` au `BUNDLE`, njia mbili za swichi kuwasha programu yake. Swichi zote ziwe `INSTALL`. Hapo unaweza kuandika `install autoupgrade` kwenye kiongozi, naye atamsasisha mwenye toleo tofauti. Ukiweka `software auto-upgrade enable` kwenye mipangilio, kazi hiyo itafanyika yenyewe siku nyingine. Swichi iliyo `BUNDLE` haisasishwi kwa njia hii. Itoe, uisasishe mezani peke yake, kisha uirudishe.

Kwenye 2960-X, tumia `archive copy-sw /destination-system 3 1`, yaani nakili programu kutoka swichi 1 kwenda swichi 3. Itafanya kazi ikiwa swichi 1 ilisakinishwa kutoka faili la tar. Ikishindikana, tumia njia ya mezani. Kwa kweli mimi napendelea mezani kila mara. Unaona kila ujumbe, na umeme ukikatika katikati umepoteza swichi moja ambayo bado haijabeba mtu.

Leseni nayo lazima ilingane. Kwenye 9300, wanachama wote wawe Network Essentials au wote Network Advantage. Ukikuta mmoja yuko tofauti, mtoe kwenye staki, andika `license boot level network-essentials` au ngazi unayoitumia, hifadhi, washa upya, ndipo umrudishe.

Kisha hakiki pete yenyewe kwa `show switch stack-ring speed`. Unataka kuona `Full`. Ukiona `Half`, kebo moja haifanyi kazi na bado hakuna aliyegundua, kwa sababu staki inaendelea. Amri hii iandike kila unapotembelea mteja, hata kama hakuna malalamiko.

Staki ikikatika vipande viwili

Dalili zake zinachanganya. Unaweza kuifikia swichi kwa IP, sekunde chache baadaye huwezi, halafu unaweza tena. Kumbukumbu za ruta zinaonyesha anwani moja ya MAC ikirukaruka kati ya poti mbili. Nusu ya vyumba ina intaneti. Kilichotokea ni kwamba kebo mbili za pete zimekatika, au kebo moja kwenye mnyororo, na sasa kila kipande kina kiongozi wake, vyote vikiwa na mipangilio ile ile na IP ile ile.

Usijaribu kurekebisha kwa SSH, yaani kwa kuingia kutoka mbali, hujui unazungumza na nani. Nenda kwenye raki. Bonyeza kitufe cha Mode hadi taa ya STACK, uangalie taa za namba kwenye kila swichi: namba ya swichi yenyewe hupepesa, na wenzake inaowaona huwaka bila kupepesa. Hapo utajua nani anamwona nani. Zima kipande kilicho kidogo. Tengeneza kebo. Kiwashe tena, kijiunge kama mwanachama.

Ikiwa laini yako ya LACP hukatika kila kiongozi anapobadilika, weka `stack-mac persistent timer 0` ili staki ishike anwani ya MAC ya kiongozi wa zamani. Lakini ukimtoa kiongozi huyo na kumtumia mahali pengine kwenye mtandao ule ule, utakuwa na MAC moja sehemu mbili.

Kubadilisha swichi iliyokufa

Mipangilio ya poti hufuata namba ya mwanachama. `GigabitEthernet3/0/12` ni poti ya 12 ya swichi namba 3. Ukileta swichi ya modeli ile ile, toleo lile lile, ukaipa namba 3 mezani kwa `switch 1 renumber 3` na kuiwasha upya kabla ya kuifunga, itachukua mipangilio ya marehemu yote bila wewe kuandika kitu. Ukileta ya poti 48 mahali pa 24, kiongozi ataona modeli tofauti na ile iliyoandikwa kwenye mstari wa `switch 3 provision`, na utalazimika kupanga poti upya.

Transiva

Staki ikishakaa, malalamiko yanahamia kwenye fiba na transiva, vipande vinavyochomekwa kwenye poti ili kutuma na kupokea mwanga. Hapa nitapita haraka.

2960-X yenye TS kwenye jina ina poti za SFP (matundu ya transiva) za Gbps 1. Yenye TD ina SFP+ za Gbps 10. Transiva ya Gbps 10 haitafanya kazi kwenye poti ya Gbps 1. Kinyume chake kwa kawaida hukubali.

SX ni ya fiba ya multimodi, mwanga wa nanomita 850. LX ni ya singelmodi, nanomita 1310. Pande zote mbili za fiba ziwe za aina moja. Kwa zile za BiDi zinazotumia uzi mmoja, ziwe jozi: mmoja atume 1310 na apokee 1490, mwenzake kinyume. Ukinunua mbili zinazofanana hazitawaka kamwe.

Cisco ikikataa transiva ya kampuni nyingine, poti huzimwa na sababu huandikwa `gbic-invalid`. Amri `service unsupported-transceiver` pamoja na `no errdisable detect cause gbic-invalid` huiruhusu. Kisha `show interfaces transceiver detail` itakuonyesha nguvu ya mwanga unaopokelewa, ikiwa transiva yenyewe inaweza kuipima. Kwa LX nyingi za kilomita 10, uwe kati ya -3 na karibu -19 dBm, kipimo cha nguvu hiyo. Ukikuta -25, safisha ncha za fiba kabla hujashuku kitu kingine. Vumbi na chumvi hukaa pale pia.

Lini uache staki

Kama una swichi mbili katika raki mbili tofauti, au familia mbili zisizoungana ambazo tayari ziko kisiwani na zinafanya kazi, usimwambie mteja atupe moja. Ziunganishe kwa laini mbili za kawaida za LACP, kila moja iwe na IP yake, uandike zote mbili kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa raki. Utapoteza usimamizi wa pamoja. Kwa nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na simu nne, hasara hiyo ni ndogo kuliko nauli ya boti.

Kwa hospitali, shule kubwa au hoteli ambayo ofisi haiwezi kusimama, staki ina thamani, na hapo mteja anunue mara moja kebo moja ya akiba ya kila urefu uliotumika, moduli moja ya akiba, na kama bajeti inaruhusu swichi moja ya modeli ile ile kabisa. Ifunge swichi hiyo kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, pamoja na pakiti za silika za kunyonya unyevu. Andika juu ya mfuko namba ya modeli yote, toleo la programu na ngazi ya leseni, na uibadilishe hiyo karatasi kila unaposasisha staki.